UZI: Nani aliandika jinsia kwa kitambulisho chako?

1/ Lile suala la "kubadili jinsia kwa kitambulisho" limerudi tena kwa mijadala. Umeona video, umeona matusi, umeona watu wakiapa kwamba nchi inauzwa. Kanuni ya nyuzi zangu ni ile ile: sitaji mwanasiasa, sitaji chama. Ukiwataja huko kwa majibu, hiyo ni juu yako. Mimi naleta historia. Chukua chai, ni ndefu.

2/ Msimamo wangu nauweka mezani mapema, ndio usije kusema nimeuficha. Watu wengi hudhani sheria ya Kenya imekataza mtu transjenda kutambuliwa. Wengine hudhani imeruhusu kisiri. Ukweli ni kwamba sheria imenyamaza. Na sheria ikinyamaza, si ati hakuna anayeamua. Anaamua karani. Anaamua askari. Anaamua yule wa geti mwenye kitabu cha wageni. Uzi huu ni kuhusu hicho kimya kilitoka wapi na kinagharimu nani.

3/ Kwanza tusichanganye maneno, maana nusu ya kelele hutoka hapo. Huntha ni mtu aliyezaliwa na maumbile ambayo si ya kiume kabisa wala ya kike kabisa. Transjenda ni mtu ambaye jinsia anayoijua moyoni na anayoishi nayo si ile iliyoandikwa alipozaliwa. Ushoga na usagaji ni suala la nani unampenda. Hayo ni mambo matatu tofauti. Mtu mmoja anaweza kuhusika na mawili, lakini ukiyapika kwa sufuria moja hutaelewa kesi hata moja kati ya hizi nitakazotaja.

4/ Sasa kumbuka siku ulienda kuchukua kitambulisho. Mimi nilikuwa na miaka 18, foleni ndefu, jua kali. Karani aliniuliza jina, la baba, la mama, kijiji, kabila. Akanishika vidole kimoja kimoja, akavipaka wino, akavibandika kwa karatasi. Jinsia hakuniuliza. Aliniangalia tu, akaandika, akaita "next". Sikushtuka, kwa sababu alipata. Miaka kadhaa baadaye, nikisoma historia ya usajili, ndio nilianza kujiuliza: na wale ambao hakupata?

5/ Kitambulisho chetu kina baba yake, anaitwa kipande. Mwaka 1915 serikali ya kikoloni ilipitisha sheria ya kusajili Waafrika, na baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, kati ya 1919 na 1920, ikaanza kutekelezwa. Kila mwanamume Mwafrika wa miaka 16 kwenda juu alilazimika kubeba karatasi yenye alama za vidole, jina la mwajiri na mshahara, ndani ya kikopo cha chuma. Wengi walikivaa shingoni. Ukipatikana bila kipande, ni kosa. Ukitoroka kazi, kipande kinakusaka.

6/ Watu walikipinga. Machi 1922 watu walipigwa risasi Nairobi wakidai kuachiliwa kwa kiongozi aliyepinga kipande na kodi. Walioongoza ujasiri siku ile ni pamoja na wanawake, ambao wenyewe hawakuwa wakibeba kipande. Kumbuka hilo. Hasira yao haikuwa ya karatasi tu. Ilikuwa ya serikali kukufunga shingoni maelezo yako yenye haukuandika wewe.

7/ Mwaka 1947 sheria ilibadilishwa ikagusa watu wa rangi zote, lakini bado wanaume tu. Uhuru ukaja 1963. Bado wanaume tu. Ni mwaka 1978 ndipo Sheria ya Usajili wa Watu ilirekebishwa ili wanawake pia wasajiliwe. Mwaka 1980 umri ukapandishwa kutoka 16 hadi 18.

8/ Soma hiyo tena polepole. Kwa karibu miaka sitini, dola ya Kenya ilimjua mwanamume kwa kidole chake na mwanamke haikumsajili kabisa. Nyanyangu alizaliwa, akaolewa, akazaa, akalima shamba, yote kabla dola haijampa kitambulisho. Kwa hivyo mtu akikuambia mpangilio wa jinsia kwa kipande ni wa tangu jadi na hauguswi, mwambie umeshaguswa. Mara ya mwisho uliguswa kwa nyanyako.

9/ Cheti cha kuzaliwa nacho kina hadithi yake. Sheria ya kusajili vizazi na vifo ni ya 1928. Ilianza kuwa lazima kwa Wazungu na Waasia. Waafrika waliongezwa polepole, eneo baada ya eneo, hadi nchi nzima ikafikiwa 1971. Hizo karatasi mbili, cheti na kitambulisho, ndizo msingi wa kila kitu leo: mtihani, kazi, benki, laini ya simu, M-Pesa, pasipoti, kura.

10/ Twende kwa sheria yenyewe. Sheria ya Usajili wa Watu, kifungu cha 5, inaorodhesha mambo ya kuandikwa kwa rejista. Namba. Jina kamili. Jinsia. Kabila au asili "iliyotangazwa". Tarehe na mahali pa kuzaliwa. Kazi. Makao. Alama za vidole.

11/ Umeona hilo neno "iliyotangazwa"? Kwa kabila, sheria inachukua neno lako. Nchi ambayo imemwaga damu kwa sababu ya kabila inakubali ujitangaze mwenyewe, bila kipimo cha daktari wala kiapo cha wazee. Kwa jinsia, sheria imeandika neno moja tu: jinsia. Haisemi nani anaamua. Haisemi ikikosewa inarekebishwa vipi. Haisemi pia kwamba hairekebishwi. Hapo ndipo kimya chetu kilipolala.

12/ Jina ni rahisi. Mtu mzima akitaka kubadili jina anaapa kwa hati, anaisajili, inatangazwa kwa Gazeti Rasmi la Serikali, halafu anapeleka kwa usajili. Kuna utaratibu wenye ada na fomu. Lakini jina likibadilika na ile herufi ya jinsia ibaki, unapata nini? Unapata kitambulisho chenye jina la kike, sura ya kike, na jinsia ya kiume. Karatasi iliyotengenezwa ikusaidie kujithibitisha inageuka kuwa ushahidi dhidi yako.

13/ Na ushahidi wa kosa gani? Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 382, kosa la kujifanya mtu mwingine. Sheria inasema lazima uwe na nia ya kulaghai. Kujivalia sketi ukienda sokoni si kumlaghai mtu yeyote. Lakini polisi wa barabarani saa tatu usiku hasomi hadi mwisho wa kifungu. Anaona picha, anaona wewe, anaona herufi, anasema panda gari.

14/ Sasa tuje kwa kesi, kwa sababu historia ya suala hili Kenya imeandikwa na majaji kuliko wabunge. Ya kwanza ni ya 2010. Mlalamishi, kesi inamtaja kwa herufi R.M., alikuwa huntha aliyefungwa Kamiti, gereza la wanaume, kwa wizi wa mabavu. Alieleza jinsi alivyovuliwa nguo na kufanywa kichekesho na wafungwa na askari. Aliomba mahakama itambue jinsia ya tatu.

15/ Mahakama Kuu ilikataa ombi la jinsia ya tatu. Lakini ilikubali kwamba alitendewa unyama, ikaamuru alipwe shilingi 500,000. Yaani korti ilisema: umedhulumiwa kwa sababu mfumo haujui pa kukuweka, chukua fidia, lakini mfumo ubaki vile ulivyo. Mwaka huo huo wa 2010 tulipitisha Katiba mpya, na hesabu zikaanza kubadilika.

16/ Kesi ya pili ni ya mtoto. Mwaka 2009 mtoto alizaliwa katika hospitali ya Kenyatta akiwa na maumbile ya pande zote mbili. Kwa fomu, mahali pa jinsia, paliwekwa alama ya kuuliza. Hiyo "?" ndiyo jibu la kweli kabisa ambalo fomu za Kenya zimewahi kutoa. Mama alienda kortini kwa niaba ya mtoto, kesi ya Baby "A". Desemba 2014 Jaji Isaac Lenaola aliamuru Mwanasheria Mkuu atafute taasisi ya kukusanya takwimu za watu huntha na kuangalia sheria ya kuwalinda.

17/ Na hapo, kusema ukweli, serikali ilifanya kazi. Jopo liliundwa 2017. Sensa ya 2019 ilihesabu huntha kwa mara ya kwanza, wakapatikana 1,524. Sheria ya Watoto ya 2022 ikamtaja mtoto huntha na kumlinda. Kutoka "?" hadi sheria ya Bunge ni miaka kumi na tatu. Kwa mwendo wa Kenya, hiyo ni mbio.

18/ Watu transjenda hawakupata mbio hizo. Kesi yao kubwa ilihusu cheti cha KCSE. Audrey Mbugua alifanya mtihani 2001 akiwa na jina la kiume, akapata alama nzuri kabisa, A-. Baadaye alianza kuishi kama mwanamke, madaktari wakamhudumia, akabadili jina kisheria. Lakini cheti kilikuwa bado na jina la zamani na alama ya kiume. Mtu wa A- anakaa bila kazi kwa sababu kila mwajiri akifungua bahasha anauliza: hiki cheti umeiba wapi?

19/ Baraza la Mitihani lilikataa kubadilisha. Oktoba 2014 Jaji Weldon Korir alitoa uamuzi ambao napenda vile ulivyo wa kawaida. Hakuanza kuhubiri jinsia ni nini. Aliangalia kanuni za mtihani na kuona hazilazimishi alama ya jinsia kwenye cheti. Kama hailazimiki, kuitoa hakupunguzi uzito wa cheti. Akaamuru jina libadilishwe na alama ya jinsia iondolewe, akakumbusha kwamba heshima ya binadamu iko kwenye Katiba.

20/ Jiulize swali hilo hilo la jaji kuhusu karatasi zingine unazobeba. Alama ya jinsia inafanya kazi gani kwa cheti cha hesabu na kemia? Hiyo 80 yako ya fizikia ni ya kiume ama ya kike?

21/ Mwaka huo huo, Julai 2014, Jaji George Odunga aliamuru bodi ya mashirika yasiyo ya kiserikali ilisajili shirika la Transgender Education and Advocacy baada ya bodi kulikwamisha. Kwa hivyo kufika mwisho wa 2014 korti zilikuwa zimesema: mnaweza kuungana, na cheti cha shule kinaweza kurekebishwa. Lakini kile cha muhimu zaidi, kitambulisho, hakikuwa na sheria ya kukirekebisha jinsia. Bunge halikugusa.

22/ Kidogo kuhusu kesi ambazo watu huzichanganya na hizi. Mei 2019 Mahakama Kuu ilikataa kufuta vifungu 162 na 165 vya Kanuni ya Adhabu. Februari 2023 Mahakama ya Juu, majaji watatu kwa wawili, ilisema shirika la kutetea mashoga na wasagaji lina haki ya kusajiliwa. Zile kelele za 2023 unazozikumbuka zilitokana na uamuzi huo. Hizo kesi zote mbili hazikuwa za kitambulisho. Lakini moshi wake ulifunika kila mtu, na tangu hapo ukisema "transjenda" mtu anakujibu kifungu cha 162.

23/ Halafu ikaja Eldoret. Mwaka 2019 mwanamke transjenda alikamatwa, akidaiwa kujifanya mwanamke. Alipelekwa rumande ya wanawake, akavuliwa nguo na kupekuliwa. Akapelekwa hospitali akapimwa sehemu za siri na damu bila ridhaa yake, ili dola ijue yeye ni nini. Sitaendelea na maelezo, maana aliyoyapitia si maudhui ya kuchangamsha uzi.

24/ Agosti 2025 Jaji Reuben Nyakundi wa Mahakama Kuu ya Eldoret alisema haki zake za heshima, faragha na kutodhalilishwa zilivunjwa. Akaamuru alipwe shilingi milioni moja. Na akaongeza jambo kubwa zaidi ya pesa: aliagiza serikali ipeleke Bungeni sheria ya kulinda haki za watu transjenda, ama mswada wa watu huntha urekebishwe uwajumuishe. Sasa unajua kwa nini mjadala umerudi.

25/ Hii kesi ndiyo inanifanya niandike. Watu husema "tuache mambo yalivyo, hatutaki sheria ya hayo mambo." Yalivyo ni hivyo. Bila utaratibu wa karatasi, dola ikitaka kujua jinsia ya mtu inabaki na njia moja tu, kumvua nguo. Wewe unayepinga sheria, sidhani hiyo ndiyo njia uliyokuwa ukiitaka. Lakini ndiyo tuliyo nayo.

26/ Tuje kwa hoja. "Si utamaduni wetu." Mwaka 2011 Mahakama Kuu ya Mombasa, katika kesi ya urithi, ilitambua ndoa ya mwanamke kwa mwanamke kwa desturi za Wanandi. Kwa mila hiyo, mwanamke asiye na mtoto wa kiume angeoa mke ili nyumba ipate mrithi, na yeye akahesabika kama mume. Sisemi hao ni watu transjenda, wala si mapenzi ya jinsia moja. Wanandi wenyewe watakukosoa. Nasema hili moja: wazee walijua kutofautisha mwili wa mtu na nafasi yake katika jamii, na walikuwa na utaratibu wa kulitangaza.

27/ "Ni ajenda ya Wazungu." Wazungu gani? Mwaka 1970 jaji wa London, kesi ya Corbett, alisema jinsia hukaa vile ilivyokuwa kwa mwili wakati wa kuzaliwa, basi. Huo ndio msimamo unaouita wa Kiafrika leo. Mwaka 2002 Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya ikasema Uingereza inamkosea Christine Goodwin kwa kukataa kumtambua, na 2004 Uingereza ikatunga sheria. Aprili 2025 Mahakama yao ya Juu ikasema neno "mwanamke" kwa sheria yao ya usawa linamaanisha maumbile ya kuzaliwa. Wazungu wenyewe bado wanapigana. Hawana ajenda moja ya kutuuzia.

28/ Tukitaka mfano, si lazima tupande ndege hadi Ulaya. Afrika Kusini ina sheria ya kubadilisha jinsia kwa rejista tangu 2003, kwa masharti ya matibabu. Botswana haikuwa na sheria kama hiyo, ila Septemba 2017 Mahakama Kuu kule Lobatse iliamuru serikali imbadilishie mwanamume transjenda jinsia kwenye Omang, kitambulisho chao. Sababu ilikuwa rahisi: kumlazimisha mtu abebe karatasi inayomkana kila siku ni kumvunjia heshima na faragha. Botswana haijasambaratika.

29/ "Dini inakataza." Naheshimu hii hoja kuliko zote kwa sababu wanaoitoa wengi wanaiamini kwa dhati. Lakini hata hapo kuna historia. Iran, inayotawaliwa kwa sharia, humruhusu mtu kubadilisha stakabadhi baada ya madaktari na korti kukubali. Siiigizi Iran. Kule mtu anaweza kusukumwa kwenye upasuaji asioutaka, na hiyo ni dhuluma nyingine. Ninachosema ni kwamba wanazuoni wamelijadili hili swali na si wote waliofika jibu moja. Na Katiba yetu, kifungu cha 8, inasema Kenya haina dini ya dola.

30/ "Wahalifu watabadilisha jinsia wajifiche." Hapa kipande chenyewe kinajibu. Tangu 1919 dola inakujua kwa kidole. Mwaka 2022 ulipiga kura, mashine haikuuliza jinsia, iliuliza kidole. Namba yako ya kitambulisho hukaa ile ile hadi ufe. Ukibadilisha herufi moja, vidole kumi viko pale pale kwenye rejista. Dada zetu wengi hubadilisha jina wakiolewa na hakuna anayesema wanatoroka mikopo. Sawa, wengine wanatoroka, lakini wanapatikana.

31/ "Na jela? Na vyoo? Na michezo?" Hili swali sitalicheka. Mwanamke aliyedhulumiwa akiuliza nani atalala naye seli moja, anastahili jibu, si kelele. Jibu langu: hayo yanahitaji kanuni zake, moja moja. Magereza yanaweza kutathmini hatari ya kila mfungwa. Michezo ina mashirika yake. Lakini kanuni nzuri za jela haziwezi kuandikwa na nchi ambayo bado haijakubali huyo mfungwa yupo. Angalia kesi ya Eldoret: hakukuwa na sheria ya kutambua, na bado hakuna aliyelindwa.

32/ "Na watoto?" Kitambulisho ni cha miaka 18 kwenda juu. Bunge likitaka liandike kwamba utaratibu huu ni wa watu wazima tu, kalamu iko mkononi mwao. Hakuna mtu anaomba mtoto wa darasa la tatu apewe fomu. Wanaosema hivyo wanatafuta kura, na hapa nilisema sitaji mtu, kwa hivyo naendelea.

33/ Sheria yenyewe inaweza kufanana vipi? Si muujiza. Mtu mzima anaapa, vile anavyoapa akibadilisha jina. Kuna muda wa kusubiri. Kuna ada inayolipika. Rejista inaweka kumbukumbu ya zamani kwa siri, ndio deni na kesi zimfuate mtu popote. Karani hana ruhusa ya kuuliza maswali ya chini ya kiuno. Kuna mahali pa kukata rufaa. Kubishana kama cheti cha daktari kiwe lazima ni sawa. Mimi naona kisiwe lazima, wewe unaweza kuona tofauti. Huo ndio mjadala wa maana ambao hatujawahi kufanya.

34/ Msingi wa Katiba upo tayari. Kifungu cha 27 kinakataza ubaguzi, cha 28 kinalinda heshima, cha 31 faragha. Cha 12 kinasema kila raia ana haki ya stakabadhi za usajili. Na kuna kimoja ambacho hakitajwi kwa mijadala: 35, ibara ya pili. Kila mtu ana haki ya kurekebishiwa habari zisizo za kweli ama za kupotosha kumhusu. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inarudia haki hiyo. Tulivipitisha wenyewe. Hakuna balozi aliyetupigia kura.

35/ Najua wengine mmefika hapa bado hamkubali mtu transjenda. Sawa. Uzi hauwezi kubadilisha imani, na sikuja kuomba ubadilishe. Naomba tu utenganishe maswali mawili. La kwanza: wewe unamwonaje huyu mtu? Hilo ni lako na Mungu wako. La pili: akisimamishwa na polisi leo usiku na karatasi yake haifanani naye, dola imfanye nini? Hilo ni letu sote, kwa sababu polisi ni wetu na mshahara wake ni kodi yetu.

36/ Kwa hivyo msimu huu mgombea akija kwenu akipiga kelele kuhusu jinsia, upande wowote, muulize hilo swali la pili. Usimuulize kama anaunga mkono ama anapinga. Muulize nani ataamua, kwa fomu gani, na yule aliyekosewa alalamike wapi. Akikujibu kwa kelele tena, basi hana sera. Ana spika tu.

37/ Mimi bado nina kile kitambulisho changu cha foleni ya jua kali. Picha mbaya, kama ya kila mtu. Herufi ya jinsia iko sawa, kwa bahati. Karani aliniangalia mara moja, akapata. Nchi haifai kuendeshwa kwa bahati ya karani.

Mwisho. Maswali weka hapa chini, nitajibu nikitoka darasani. Ukiona nimekosea tarehe ama kesi, nisahihishe, nitashukuru. Matusi yana nyuzi zake, si hapa. Wiki ijayo: kwa nini pesa za kaunti huchelewa kila mwaka na nani hufaidika.